Nilinunua sauti nikidhani ni hewa baridi

Mimi nauza nyavu. Nyavu za dagaa, nyavu za sangara, kamba, maboya na taa za kuvulia usiku. Niko Mwanza, na kazi hiyo inanipeleka mialoni, kule wavuvi wa Ziwa Victoria wanakotia nanga, Igombe, Kayenze, mpaka upande wa Magu, na mara mojamoja navuka hadi Nansio. Wala si kazi inayodai gari lenye tabo, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini. Lakini mwaka 2021, baada ya msimu mmoja ulioitika vizuri, niliagiza kutoka Japani Subaru Forester ya 2005, ile yenye tundu juu ya boneti, injini EJ205 ya cc 1,994. Mke wangu akauliza tundu lile ni la nini. Nikamwambia ni la kupozea intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo. Akasema, "Na mfuko wetu nao una tundu, lenyewe linapoza nini?"

Mwaka wa kwanza gari lilikwenda salama. Shida ilianzia sikioni. Kuna jamaa yangu mwenye gari kama langu, Jumapili jioni tulikuwa tukikutana kule Capri Point kutazama ziwa na kupiga soga. Yeye akikanyaga mafuta unaisikia tabo ikivuta, fyuuu, na akiachia inatema, pshaa. Watoto wanageuka. Langu lilikuwa kimya kama gari la mchungaji. Nikamwuliza siri yake, akafungua boneti. Sanduku jeusi la filta ya hewa halipo. Mahali pake pana bomba la alumini linalometameta, na mwishoni filta nyekundu yenye umbo la koni.

"Kold ea inteki hiyo, kaka. Gari linavuta hewa baridi, nguvu lazima iongezeke."

Neno lililoninasa lilikuwa "baridi". Kila anayeendesha gari Mwanza anajua kwamba saa kumi na mbili asubuhi gari linavuta vizuri kuliko saa nane mchana. Hewa ikipoa inashikamana, ikipata joto inatawanyika. Tofauti ya nyuzi 10 tu inapunguza uzito wa hewa kwa kama asilimia 3. Na sisi huku tumeshaanza na upungufu, maana uso wa ziwa lenyewe uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mkandamizo wa hewa hapa ni kama kilopaskali 88, wakati pwani ni 101. Injini isiyo na tabo ikitoka Dar es Salaam kuja Mwanza inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya pumzi yake kabla hujapakia hata gunia. Yenye tabo inafidia kwa kuzungusha feni yake kwa kasi zaidi. Basi nikapiga hesabu yangu ya kichuuzi kwamba tabo ukiipa hewa baridi, nguvu itakuja yenyewe. Hesabu haikuwa mbaya. Swali nililosahau kuuliza ni moja: kwani sasa hivi gari langu linavuta hewa ya wapi?

Seti ilikuja kwa basi kutoka Dar, shilingi 480,000 pamoja na nauli ya mzigo. Ndani ya boksi kulikuwa na bomba, filta, klampu nne, mipira miwili ya kuungia, na stika. Maelekezo hakuna, ila stika zilikuwa mbili. Gereji ya mtaani, ambayo siitaji kwa sababu vijana wale hawakunidanganya, ni mimi niliyewaomba, wakaifunga kwa dakika 40. Walitoa sanduku la filta, wakafungua skrubu mbili za sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, wakaihamishia kwenye tundu la bomba jipya, wakakaza klampu, basi. Filta ikakaa wazi nyuma ya taa ya kulia, ikitazamana na injini. "Hili sanduku tupa tu, bosi," kijana mmoja akasema. Nikalitia nyuma ya gari. Sisi wauza nyavu hatutupi kitu. Hata wavu uliooza una mteja wake, atauzungushia kitalu cha mchicha.

Ile safari ya kwanza nisiseme uongo, nilifurahi kama mtoto. Kutoka Igoma kwenda Kisesa nilishusha vioo vyote. Fyuuu. Pshaa. Niliporudi nyumbani mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Magu, nikajitolea kumpeleka sokoni. Njiani akashika dashibodi kwa mikono miwili, akasikiliza, halafu akauliza kwa upole, "Baba, hili gari linaumwa kifua?"

Jambo la kwanza kuharibika halikuwa injini, ilikuwa filta. Nadhani mtu wa Arusha au Dodoma angemaliza mwaka bila kulijua hili, lakini sisi tuna ziwa. Wale wadudu wadogo wanaotoka majini wanapanda hewani kama moshi, ukiwa mbali unadhani kuna kijiji kinaungua. Kwa nilivyoona mimi mialoni, wanachachamaa zaidi siku za giza, mwezi ukiwa mchanga, na siku hizo hizo ndizo wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki vizuri, wavuvi wanabaki ufukweni kushona nyavu, na mimi ndipo napata wateja. Wiki ile niliwahi Kayenze siku za giza kudai madeni, nikarudi usiku. Kesho yake nafungua boneti, filta ya koni imegeuka andazi. Wadudu wamejibandika safu kwa safu juu ya yale mafuta mekundu ambayo filta za aina ile hupakwa, harufu yake kama dagaa walionyeshewa. Sanduku la kiwandani nalo linavuta wadudu, sibishi, lakini mdomo wake una kona, kisha kuna tumbo la sanduku, wengi wanaanguka humo kabla ya kuifikia karatasi.

Niliiosha filta, nikaipaka mafuta upya. Nikaipaka mengi, nikidhani ndiyo usafi. Kumbe mafuta yale yakizidi yanavutwa na kwenda kukaa kwenye waya wa sensa ya MAF, na waya ule ni mwembamba, hautaki hata kuguswa na kidole. Kuanzia hapo gari likawa na tabia. Asubuhi sailensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka yenyewe, mara mshale juu, mara chini. Kwenye foleni ya Buzuruga, taa za kijani zikiwaka, nakanyaga na gari linatafakari kwanza. Nikajipa moyo kwamba litazoea.

Siku lilipokataa kuzoea nilikuwa barabara ya Musoma, naelekea Magu, nataka kulipita lori la pamba. Nimekanyaga mpaka chini, mshale wa mizunguko ya injini umepita 4,000, tabo inalia vizuri kabisa. Ndani ya ule mlio nikasikia mwingine, mkavu, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Sekunde mbili hivi. Taa ya injini ikawaka. Nikaachia mafuta, nikarudi nyuma ya lori, nikalifuata hilo lori mpaka Magu kama ndama anavyomfuata mama yake.

Fundi ninayemwamini ni mzee mmoja wa Nyakato. Alianzia kwenye malori ya dizeli na Land Rover za zamani, magari ya kompyuta akayajua ukubwani, lakini ameyajua. Nilikuwa nimemkwepa kwa sababu nilijua atasema nini. Nikafika asubuhi, nikamwamkia, "Mwangaluka, mzee." Akaitikia, akalitazama bomba langu linalometa, hakusema kitu. Akaniambia niwashe, niliache lingurume dakika kumi. Tukakaa kwenye kivuli tukazungumzia bei ya sangara. Kisha akanyanyuka, akaniita, akaushika mkono wangu na kuusogeza karibu na filta.

"Hii ndiyo hewa baridi uliyonunua?"

Ilikuwa hewa ya jikoni. Rejeta ilikuwa inasukumia joto lake lote nyuma, tabo yenyewe iko upande huo huo wa kulia imekaa kama jiko la mkaa, na filta yangu wazi iko katikati inakunywa. Mzee akauliza sanduku la zamani liko wapi. Nikashukuru tabia ya wauza nyavu, nikalitoa. Akanionyesha mdomo wake, unavyotoka nje ya chumba cha injini kwenda kuchukua hewa mbele, ambako upepo haujagusa rejeta. "Kold ea inteki ulishafungiwa kiwandani. Wewe umelipa laki karibu tano ili uitoe."

Hilo la joto lilikuwa la aibu. Lililokuwa la hatari ni lile bomba, na hapa niliomba anieleze pole pole, kwa sababu nilidhani bomba pana ni heri tupu. Sensa ya MAF ina waya unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inasoma ni umeme kiasi gani unahitajika kuurudisha kwenye joto lake, ndipo inajua hewa kiasi gani imeingia na imwage petroli kiasi gani. Lakini waya hauoni bomba zima, unaona kipande kidogo cha upepo kinachoupitia. Kompyuta inajumlisha yaliyobaki kwa kuamini kwamba bomba ni la upana ule ule wa kiwandani. Bomba langu lilikuwa la inchi 3, pana kuliko nyumba ya sensa ya mwanzo.

"Umeshauona mto Mirongo ukipita chini ya daraja?" mzee akaniuliza. "Penye ukingo mwembamba maji yanakimbia. Penye upana yanatambaa. Ni maji yale yale. Sasa wewe umemchukua mtu wa kupima kasi ya maji, umemhamisha kutoka kwenye wembamba ukamweka kwenye upana, na hujamwambia."

Ukipanua kipenyo cha bomba kwa asilimia 10 tu, eneo lake linapanda kwa asilimia 21. Upepo unapungua kasi kwenye waya, kompyuta inadhani hewa iliyoingia ni chache, inamwaga petroli chache. Jinsi gari linavyokuficha hilo ndilo linalotisha. Ukiwa unatembea taratibu mjini, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inagundua kwamba petroli haitoshi na kompyuta inaongeza. Kijana wa kompyuta wa pale gereji alipochomeka waya wake alikuta marekebisho yamefika asilimia 19 juu, na msimbo P0171, maana yake mchanganyiko una upungufu wa mafuta. Gari lilikuwa linajikokota kwa magongo wiki nzima na mimi najisifu Capri Point. Lakini ukikanyaga mpaka chini, tabo ikijaza, kompyuta haina tena nafasi ya kungoja majibu ya ekzosi, inafuata hesabu ya MAF. Na hesabu ilikuwa ya uongo. Petroli ikipungua wakati tabo imeshindilia hewa, joto ndani ya silinda linapanda na mafuta yanalipuka kabla ya zamu yake. Zile ndizo kokoto nilizosikia. Injini yenyewe ilitengenezwa kwa petroli ya okteni ya juu ya Japani, ile isiyolipuka mapema, kwa hiyo huku kwetu haina akiba kubwa ya uvumilivu.

Kwenye meza yake mzee ana pistoni moja ya Subaru, si ya gari langu, anawekea boliti ndogondogo. Akazimwaga, akanipa niishike. Ule ukingo mwembamba kati ya ringi na ringi umekatika kipande cha ukubwa wa kucha. "Mwenye hii naye alipenda sauti," akasema, akarudisha boliti zake.

Tulipima mgandamizo wa silinda zote nne, zikawa sawa. Sensa ikasafishwa kwa dawa yake maalumu, si ile ya kabureta.

Nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kutoa hela. Nikamlipa yule kijana wa kompyuta elfu 40 tutoke wote na laptopu yake, maana MAF ya gari hili ina kipima joto ndani yake. Joto la nje siku ile lilikuwa nyuzi 28. Tukiwa na filta wazi, mwendo wa 80 kwenda Kisesa, hewa iliyoingia ilikuwa nyuzi 37. Tuliporudi kwenye foleni ya Buzuruga ikapanda mpaka 63, na tulipoachiwa barabara ilichukua muda mrefu kushuka. Mchana ule ule tukafunga sanduku la zamani pale pale barabarani, tukarudia njia ile ile. Mwendoni nyuzi 32, kwenye foleni 44, na gari likishaondoka, dakika moja inashuka. Nguvu tulipima kwa saa ya simu, kutoka mwendo wa 40 hadi 80, mara tatu tatu. Kidole changu kwenye simu kilitofautiana zaidi kuliko mabomba yalivyotofautiana. Ila kwa sauti filta wazi ilishinda.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema aa, kwa hiyo kosa ni filta kukaa penye joto, na bomba kuwa pana. Nikirekebisha hayo mawili? Nikarudisha nyumba ya sensa ya kiwandani, hilo nililielewa vizuri. Kisha nikamtafuta mchomeleaji wa Igogo anirefushie bomba, lishuke chini, filta ikae nyuma ya bampa mbele ya tairi, nje kabisa ya joto. Nikaivalisha na soksi ndefu ya kike dhidi ya wadudu, ubunifu ambao mpaka leo naujivunia. Kijana akapima. Nyuzi 30 mwendoni, 35 kwenye foleni! Nikampigia mzee simu kumringishia. Akanyamaza kidogo. "Umeteremsha mdomo chini," akasema. "Masika inakuja."

Ilikuja mwezi wa nne. Mvua ya mchana, ile inayoanza mawe ya Mwanza yakiwa bado yana moto na kuisha barabara ikiwa mto. Maeneo ya Mabatini maji yalikuwa yameshapanda, daladala zinapita, bodaboda zinapita, nami nikaona mbona hayafiki hata kwenye mlango. Ni kweli hayakufika. Yalifika kwenye bampa. Daladala moja ikanipita kwa kasi, ikasukuma wimbi, gari langu likakohoa mara moja na kuzima, ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye ufunguo. Sijui ni nini kilinifanya nimpigie mzee kwanza. Labda woga wa kumsikia baadaye.

"Usipige stata!" Hata salamu hakutoa. "Umenisikia? Toa ufunguo, weka mfukoni, kaa hapo."

Hewa ikibanwa inakubali, maji hayakubali. Pistoni ikipanda na kukuta maji juu yake, kitu lazima kipinde, na kinachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Na kupiga stata baada ya injini kuzima kunaweza kuongeza madhara. Nilikaa kwenye kiti nikiwa nimezungukwa na maji ya Mirongo yenye kila kitu ambacho Mirongo hubeba, watoto wa mtaa wakaja kusukuma kwa elfu 5, kirikuu ikanivuta kwa kamba yangu mwenyewe ya nyavu mpaka Nyakato.

Kutoa plagi kwenye injini ile iliyolala ubavu ni kazi ya mtu mwenye mikono miembamba na subira. Walitoa zote nne, ndipo mzee akaruhusu stata, na silinda moja ikatema maji yakafika ukutani. Kama kikombe kidogo cha kahawa. Kikombe hicho kingetosha. Oili ikabadilishwa mara mbili, filta yake pia, intakula ikafunguliwa na kumwagwa maji, mgandamizo ukapimwa tena, nikiwa nimesimama kando kama mshitakiwa. Zikawa sawa. MAF ilikufa, nikanunua iliyotumika kwa 150,000. Ukijumlisha seti, mchomeleaji, kijana wa kompyuta, sensa na oili, nilikuwa nakaribia milioni moja, na nguvu ya ziada niliyopata ni sifuri.

Sanduku jeusi likarudi mahali pake, safari hii kwa kudumu, na filta mpya ya karatasi ya elfu 35. Mzee alipokuwa anafunga akaukagua ule mpira unaotoka kwenye sanduku kwenda kwenye tabo, akaukunja, ukaonyesha ufa upande wa chini. Ufa kama ule baada ya MAF unavuta hewa isiyopimwa, na kwa barabara zetu za vumbi unavuta na mchanga moja kwa moja kwenye feni ya tabo. Huenda ulikuwepo tangu Japani. Ukabadilishwa. Kisha akanyanyua boneti, akanionyesha tundu lile ambalo mke wangu aliliuliza. Kwa chini linatakiwa kuwa na mpira laini unaokaa juu ya intakula ili upepo wote upite ndani ya mapezi yake. Wa kwangu ulikuwa umekwisha, umebaki uzi. Upepo ulikuwa unaingia tunduni na kukwepa pembeni.

"Hewa ikishabanwa na tabo inapita nyuzi 100," mzee alisema. "Wewe umehangaika na nyuzi tano za mlangoni. Anayepoza hapa ni huyu, na umemwacha bila nguo."

Tukakata sponji nzito ya kuzuia joto, tukaibandika vizuri. Elfu 12. Ule uzito wa gari saa nane mchana, nilioanza nao safari yote hii, ulipungua kwa kiasi ambacho hata mke wangu aliuhisi tulipokuwa tunapanda kuelekea Bugando, na yeye hana upendeleo wowote kwa gari lile.

Bomba lilibaki dukani kwangu, limening'inia kati ya maboya, linameta. Wavuvi wanauliza ni la kazi gani. Mwezi uliopita akaja kijana kutoka Igoma, ana Subaru kama yangu, amesikia nina inteki naiuza. Nikamkalisha kwenye furushi la nyavu, nikampa soda, nikamsimulia yote kama nilivyoyasimulia hapa, nyuzi 63 za Buzuruga, asilimia 21, kokoto za barabara ya Musoma, kikombe cha maji. Akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Akaweka chupa chini.

"Pole sana, kaka. Sasa, sauti yake ikoje?"

Nikatoa simu. Video ninayo, ile ya siku ya kwanza, vioo vimeshushwa, Igoma kwenda Kisesa. Tukaitazama mara mbili. Nikamwuzia kwa laki moja, nikamwapisha asiitoe sensa kwenye nyumba yake, na soksi nikampa bure.